Viti vya Bi Loreta

Ludlow Bend ilinuka kuku. Si kuku wa kukaanga, hapo ningekuwa na hadithi tamu zaidi. Kuku hai, maelfu, waliofungiwa kwenye mabanda marefu ya mabati nje ya mji, na upepo ukitoka upande huo hata nguo zilizoanikwa zilirudi ndani zikinuka kinyesi chao. Nilikuwa na miaka kumi. Sasa nina kumi na sita, ninaishi Stafford, pembeni ya Houston, ambako kunanuka moshi wa magari na viungo vya kila taifa, lakini lori la kuku likitupita kwenye barabara kuu mimi huvuta pumzi kwa nguvu kama kichaa. Rafiki zangu wamenizoea. Wanafunga madirisha tu.

Mji wenyewe ulikuwa katikati ya Dallas na Houston, kando ya njia ambayo babangu alipita na lori lake kila wiki. Tulihamia huko kwa sababu mamangu alipata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kusema kweli mji ulikuwa umebakiwa na mambo mawili tu, kuku na wazee. Kulikuwa na kituo kimoja cha petroli kilichouza pia chambo cha samaki na keki za siku ya kuzaliwa, makanisa matano, na taa moja ya barabarani iliyomulika manjano siku nzima kwa kukosa magari ya kuyasimamisha. Darasa letu lilikuwa na watoto tisa: watano wazazi wao walitoka Meksiko wakafanya kazi mabandani, watatu Wazungu, na mimi, Mwana. Vijana walipomaliza shule walikwenda Dallas au Houston, wakawa wanarudi Krismasi, kisha hata Krismasi ikawashinda. Pale pa kuingilia mji palikuwa na kibao cha kijani kilichotaja idadi ya watu, tarakimu tatu basi. Kiliandikwa kabla hatujafika, kwa hiyo sisi wanne, pamoja na mdogo wangu Salim, hatukuwemo, ila waliokufa miaka ile yote walikuwemo. Nilimwambia baba twende na kopo la rangi tukakirekebishe. Akasema, "Na polisi akija utamwambia wewe ndiye ofisi ya sensa?"

Bi Loreta alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mjane wa Kizungu wa miaka themanini na kitu, mrefu, nywele nyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Mwanawe wa pekee alikuwa amemtangulia kaburini. Mama ndiye aliyeanza kumwita Bi, naye akalipenda jina hilo hata akawa analitumia posta. Uani mwake kulikuwa na miti mitatu ya pekani, yenye njugu za ganda gumu, na msimu ninaousimulia ni ule ambao njugu zake zilianguka juu ya bati la banda lake la zana, ta, ta, ta, mchana kutwa. Kila nilipotoka shule tulikaa barazani kwake, yeye akizibanja mbili mbili kiganjani, mimi nikila nyingi kuliko nilizotia kwenye bakuli. Tulizungumza Kiingereza. Hapa namsemesha Kiswahili, na anatoka mpole kuliko alivyokuwa.

Kazi ya Bi Loreta ilikuwa mazishi. Mtu yeyote akifa, wa kanisa lolote, alikwenda na bakuli la viazi na jibini vilivyookwa, akakaa mpaka mwisho. Siku moja alizipanga njugu juu ya meza, moja kwa kila mtu aliyebaki wa kumzika yeye. Zikafika tisa. Akaitazama mojawapo, akaitupa mdomoni. "Huyu magoti hayamruhusu," akasema. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. "Nataka viti vijae tu, Mwana. Nimeviona vitupu vya wenzangu."

Mdomo wangu haujawahi kuingoja akili. Nikamwambia, "Usijali, Bi. Kwetu mtu akifa wanakuja hata wasiomjua. Nitakuletea watu mpaka wakose pa kuegesha magari."

"Ahadi?"

"Ahadi."

"Hayo nitayaamini nikiyaona," akasema, na hapo ndipo shetani wangu alipoamka.

Jumamosi iliyofuata baba alikuwa amelala baada ya safari. Nilichukua simu yake, nikafungua kundi la watu wetu wa pwani ya Kenya walioko Dallas na Houston, nikanakili maneno ya tanzia ya zamani nikibadilisha machache: Innalillahi, tumefiwa na bibi yetu hapa Ludlow Bend, maziko leo alasiri. Nilidhani watakuja wachache, Bi Loreta atawaona, atapunga mkono, sote tutacheka. Nilikuwa na miaka kumi, lakini sitaki kujificha nyuma ya miaka hiyo.

Hakuna aliyeuliza nani kafa. Watu wetu huanza safari kwanza, maswali huulizwa njiani. Ilipofika saa nane magari yalikuwa yamejaa pande zote mbili za barabara yetu, kutoka DeSoto, kutoka Carrollton, kutoka Stafford, na ile taa ya manjano kwa mara ya kwanza ilionekana kuwa na kazi. Bi Zuhura wa Stafford alikuja na sufuria la pilau amelifunga mkanda wa kiti kama abiria. Mama alipofungua mlango, Bi Zuhura alimwangukia shingoni akilia, "Pole mwanangu, pole!" Nikaona uso wa mama ukibadilika. Akashika fremu ya mlango, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Ni mama? Mamangu amekufa?" Bibi yangu alikuwa Mombasa, mzima, pengine anakunywa chai. Mama hakuwa amemwona kwa miaka saba. Alidhani watu wote wale wamekuja kumpa habari.

Hapo mzaha uliishia kwangu, ila kwa wengine ndio kwanza ulikuwa unaanza. Mzee Abdalla wa Carrollton, aliyekuja kusimamia maziko, akauliza, "Maiti yuko wapi?" Nikanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Bi Loreta, kwenye kiti chake barazani, akapunga mkono. Mzee Abdalla alimtazama. "Maiti huyu," akasema, "anabanja njugu."

Baba hakunipiga. Alipita gari kwa gari, kofia mkononi, akiomba radhi, na kumwona ameinamisha kichwa kwenye kila dirisha kuliniuma kuliko fimbo. Wengine waliondoka bila kuaga. Wengine walisema pilau halina kosa, wakatandika mikeka chini ya miti ya pekani, na Bi Loreta akapita akimshika kila mtu mkono. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Sikujua anafanya nini mpaka wa mwisho alipoondoka.

"Hamsini na tatu," akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akaongeza, "Lakini umemliza mamako. Nenda kakae naye."

Bi Loreta alikufa Januari, siku ya baridi kavu, kwenye kitanda cha nyumba ya wazee, mama akiwa zamu. Baba aliandika tangazo kwenye kundi, akalifuta, akaandika tena, akalituma. Jibu lilikuja moja: "Mwana, mrudishie babako simu." Alipiga kwa wawili watatu, wakamwamini, wakampa pole, lakini ilikuwa Jumatano, na watu wenye zamu hospitalini na abiria wa kupeleka uwanja wa ndege hawaombi ruhusa mara mbili kwa maiti mmoja.

Makaburini palikuwa na hema na viti ishirini na vinne vya kukunja, safu nne za sita sita. Tulikuja sisi wanne, mwenye kituo cha petroli, na wazee wawili kutoka alikokuwa akifanya kazi mama, ambao walikuja na viti vyao wenyewe vya magurudumu, kwa hiyo kwenye hesabu yangu hawakusaidia kitu. Jeneza lilibebwa na baba, mchungaji, mwenye kituo, wachimba kaburi wawili, na mama nyuma, kwa sababu waliobaki tulikuwa mimi na Salim wa miaka minne. Kwao mama, Mombasa, wanaume hupigania bega la kuweka chini ya jeneza. Hapa alilishika yeye, na buibui lake likiburuta kwenye nyasi kavu.

Mchungaji alipoanza kusoma niliinuka. Nikakaa kiti cha mwanzo cha safu ya nyuma, nikahesabu mpaka tano, nikahamia cha pili. Vilikuwa vya chuma, baridi inapenya sketi, na kila nilipoinuka kimoja kililia. Mama alinyoosha mkono anikamate. Baba akamzuia. Hakunitazama, alimshika mama mkono tu, akauweka kwenye goti lake. Nikaendelea.

Kiangazi kile nyumba ya wazee ilifungwa, nasi tukahamia Stafford. Mwaka jana nilipita Ludlow Bend na baba kwenye lori. Kibao kimewekwa kipya, namba imeshuka, na shule ina minyororo mlangoni. Stafford watu wetu ni wengi mno. Mtu akifa huwa hakuna pa kuegesha, wanawake wanakaa hadi jikoni, na vijana tunaambiwa tusimame nje. Tangazo la msiba likiingia, baba hunigeukia kwanza: "Umeandika wewe?" Tunacheka kidogo, mama hacheki, halafu ninavaa ushungi ninakwenda, hata kwa nisiowajua. Nikikuta kiti kitupu ninakikalia haraka. Watu wanadhani sina adabu, nawaachia wazee wasimame.

Siku ile mchungaji alisema amina nikiwa kwenye kiti cha kumi na saba. Wachimba kaburi wakaanza kuvikunja kutokea mbele, wakivipakia garini kimoja kimoja, na saba nilikuwa sijavifikia.