Aliyekuwa Juu ya Ngazi ya Mzee Alcide

Jumamosi ile, mtu wa juu ya ngazi alijibu.

Shida ni moja tu. Juu ya ngazi hapakuwa na mtu.

Naitwa Odalie. Napiga tarumbeta uwanjani mbele ya kanisa kuu, hapa New Orleans. Kazi hiyo nilikuwa naifanya na mzee mmoja, Alcide Arceneaux, na hakuna aliyewahi kupita pale mchana asimwone.

Mzee alikuwa anavaa suti nyeupe ya harusi, miguu peku. Anasimamisha ngazi ndefu katikati ya uwanja, haijaegemea popote, kaikumbatia. Halafu anaanza kuongea na mtu aliye juu.

"Ulysse, shuka ule."

Kimya.

"Mkate una kamba wa kukaanga huu. Utanuna mpaka lini, mdogo wangu?"

Anauchomeka mkate kwenye fimbo, anaunyanyua mpaka juu kabisa. Anasubiri. Anaushusha, anaukagua kama umeng'atwa.

"Umekataa tena? Mama alikudekeza sana wewe."

Watu hoi. Wengine mpaka wanakaa chini kwa kucheka. Mimi kila Ulysse "anapokataa" napuliza tarumbeta, vicheko vinazidi.

Nilijua ni usanii tu. Na nilijua mzee hayuko sawa sana kichwani, ila pale uwanjani nani yuko sawa?

Mpaka asubuhi moja ya mvua.

Nilikuwa nimesahau mfuko wangu kwa muuza kahawa wa jirani, nikaufuata. Uwanja mtupu, hata njiwa wamejificha. Katikati yuko Alcide kashika ngazi, suti imemganda mwilini.

"Shuka, Ulysse. Panateleza huko."

Hakukuwa na mtu wa kuchekeshwa.

Nikamsogelea. "Mzee, mchezo huu unamfanyia nani?"

Hakunitazama. "Mdogo wangu alianguka hapa, Oda. Yeye alikuwa anapanda, anarusha na kudaka machungwa huko juu, mimi nashika ngazi. Akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali akapanda basi la Houston. Hakuniaga."

"Kwani uliiachia?"

"Nenda nyumbani, unalowa."

Jamani, pale ndipo nilipotakiwa kumshika mkono. Nimkalishe pakavu, nimpe kitu cha moto, nimwambie mzee wangu, basi, imetosha.

Mnajua nilifanya nini?

Kesho yake nilimwambia, "Mzee, tusogee kule karibu na lango la kanisa. Watu wanajaa zaidi."

Akasogea. Na kweli watu wakajaa.

Tangu hapo nikawa napuliza huku namkwepa macho. Pumzi ikawa inanikatikia njiani. Wenzangu wakiniuliza, nasingizia mafua.

Basi, Jumamosi yenyewe sasa. Jua kali, watu kibao, simu zimeinuliwa.

"Ulysse, shuka ule."

"Nimeshashuka, kaka."

Sauti ilitokea katikati ya watu. Akasogea mbele jamaa mnene, ana mkongojo, mguu mmoja anauburuta. Uso wake na wa Alcide ni kama mmoja uliogawanywa mara mbili.

Umati ukapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikapuliza tarumbeta. Mkono ulishazoea.

Alcide akaiachia ngazi. Tuliidaka mimi na mtalii mmoja ikiwa inakwenda kumwangukia mtoto.

"Binti yangu alinionyesha video yako," Ulysse akasema. "Yeye anacheka. Mimi nikatoka nje nikalia."

Akamsogelea zaidi.

"Kaka, ngazi haikuyumba siku ile. Nilikuwa nimelewa. Niliachia mwenyewe. Nikaona aibu, nikakimbia, nikakuacha unajilaumu kwa kosa langu."

Nilitegemea wakumbatiane. Au mzee amzabe kibao. Kimojawapo.

"Nilijua umelewa," Alcide akasema.

Ulysse akaegemea mkongojo.

"Nilikunusa kabla hujapanda. Nikageuka nikaangalia watu walivyojaa. Nikasema moyoni, acha tu apande."

Makofi yalikuwa yameshakata. Hata wasiojua kinachoendelea walijua si mchezo tena. Simu zikaanza kushuka, moja moja.

"Mama aliniambia nikuangalie," Alcide akasema. "Nikakupandisha hivyohivyo."

Ulysse alijishusha taratibu akakaa kwenye mawe ya uwanja, mguu mbovu kaunyoosha mbele. "Mbona hukunifuata Houston?"

"Ningekuambia nini?"

"Hayohayo."

Alcide akakaa pembeni yake. Walilia wote wawili, watu wazima, mbele ya kadamnasi, bila kujifuta.

Mimi nimesimama nimeshika ngazi ya watu, na lile neno la Alcide linanizunguka kichwani. "Nikaangalia watu walivyojaa."

Si ndivyo nilivyofanya na mimi? Nilijua mzee anaumia. Nikahesabu vichwa, nikamwacha apande.

Watu walipotawanyika nikapiga magoti mbele yake. "Mzee, tangu ile asubuhi ya mvua nilijua. Nikakusogeza langoni makusudi. Nisamehe."



"Nilijua unajua," akasema. "Tarumbeta yako ilibadilika. Nilikuwa nasubiri useme."

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe pia.

Jumatatu waliondoka wote wawili kwenda Houston. Nimesikia mzee anafundisha watoto wa jirani kurusha machungwa, wote miguu ikiwa ardhini. Mimi bado nipo uwanjani. Watalii wananiuliza yule kichaa wa ngazi yuko wapi, nawajibu hakuwa kichaa.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ukigundua mtu anayekuchekesha anaumia, usiendelee kukaa hapo ukicheka. Mfuate umuulize, hata kama utaharibu shughuli. Mimi nilichagua kutoharibu shughuli, na mpaka leo nikiona watu wamejaa, nashusha tarumbeta kwanza nimtazame anayewachekesha.