Geuza Sahani

Mama hakuwa akinunua mchele mpaka sahani za mizani zigeuzwe. Mwenye duka pale Malindi akishapima, mawe sahani hii na mchele sahani ile, mizani imetulia, mama humwambia, "Sasa mawe yatie kwa mchele, na mchele kwa mawe." Mizani ikilala upande, huondoka bila kununua. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya si mwanawe.

"Bibi huyu," mwenye duka alinung'unika, "hata Siku ya Kiama atataka mizani igeuzwe."

Miaka ya themanini nikawa ng'ambo, nasomea protoni, chembe iliyomo katika kiini cha atomi. Kila protoni ina mzunguko wake, na hakuna aliyejua vizuri mzunguko huo unatoka wapi ndani yake. Tulizipanga mhimili wa mzunguko usimame wima, ukikingama na njia yao, tukazirusha kwa kasi zigonge shabaha, kisha tukahesabu, kwa chombo kimoja kila upande, vipande vilivyoruka kushoto na kulia. Nikaona vya kushoto vimezidi, tena sana. Shahada yangu nzima iliikalia ziada ile, na baada ya likizo nilikuwa niieleze mbele ya mabingwa wa fani.

Nikaja nyumbani kifua mbele. Mama alikuwa akipeta mchele.

"Vimezidi kushoto," nilimwambia. "Basi ni mzunguko unaovisukuma."

"Au chombo chenu chaona zaidi kushoto. Mligeuza, mwanangu?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Kugeuza tuligeuza: nusu ya majaribio tulizirusha protoni zikiwa zimepinduliwa, juu chini. Kama ziada ni ya protoni zenyewe, sharti ihamie kulia. Lakini kanda zilizorekodi hesabu za nusu ile sikuwa nimezisoma. Kwa pupa yangu nilimhakikishia msimamizi wangu kwamba zitaonyesha ziada imehamia kulia. Mwanamke ambaye masomo yake yalikuwa chuo cha Kurani tu aliuliza swali ambalo fani yetu nzima imesimama juu yake, na mikono yake haikuacha kupeta.

Niliporudi nikazisoma. Ziada ilibaki kushoto pale pale, karibu yote. Chombo cha kulia kilikuwa kikipitwa na vipande bila kuvihesabu. Nililia, wala sioni haya kusema. Mhadhara nikauondoa mwenyewe, na shahada ikachelewa mwaka mzima.

Ila kiasi kidogo kilihama. Nikakipima tena na tena, na kila tulipozipindua protoni kilihama nazo. Shahada nikaipata kwa hicho kidogo.

Likizo iliyofuata nilifuatana na mama dukani, nikasimama ubavuni mwake. Mwenye duka alipima, mizani ikatulia. Kabla mama hajafunua kinywa, nikasema, "Geuza."

Mwenye duka alinitazama, akamtazama mama. "Na wewe?"

"Na mimi," nilisema.