Mafuta ya Langilangi Yaliyozuiliwa Ng'ambo

Baada ya zile fujo za miaka ya sabini katika mji wetu wa Mahajanga, watu wetu walipouawa, familia nyingi za Kingazija ziliondoka kwenda visiwa vya asili yetu. Baba alikataa. "Babu yangu kazikwa hapa," alisema. "Mimi nirudi wapi?" Akatuchukua, mama, kaka yangu na mimi, tukahamia Nosy Be, kisiwa cha nchi hiyo hiyo, upande wa Dzamandzar. Huko akafanya kazi katika mashamba ya milangilangi, akajifunza kukeneka mafuta ya maua yake kwa mvuke, na baada ya miaka mingi akawa na shamba dogo na mtambo wake mwenyewe.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo alipokuja mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo, mpole, aliyependa wali wa nazi wa mama. Aliyasifu mafuta ya Baba, akanunua nusu ya kampuni yetu, akawa mshirika wetu. Kwa fedha hizo tukaweka mtambo wa pili. Mafuta yetu yakaanza kufika Amerika. Wanawake wa jirani walichuma maua alfajiri, kabla jua halijachoma harufu, na nyumba yetu ilinukia mpaka kwenye mito ya kulalia.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa wakala wa mizigo: mapipa yetu yamezuiliwa bandarini, Amerika. Tukadhani ni ushuru. Nikapanda chombo na Baba hadi Mahajanga, kwa wakili mmoja aliyejua mambo ya biashara za nje. Yeye alizungumza Kifaransa, nami nikamtafsiria Baba kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Mshirika wenu amewekewa vikwazo na serikali ya Amerika," wakili alisema. "Ni kwa ajili ya biashara zake nyingine, siyo mafuta yenu. Lakini mali yake yote iliyo mikononi mwao imefungwa."

"Mafuta ni yangu," Baba alisema. "Maua nimeyapanda mimi."

"Kampuni ni yenu wawili, na nusu ni yake. Aliyewekewa vikwazo akimiliki nusu au zaidi ya kampuni, kampuni nzima inahesabiwa imefungwa pamoja naye."

"Basi wameyachukua?"

"Hapana, mzee. Hayajataifishwa. Bado ni yenu. Ila hayauzwi, hayatolewi, hayahamishwi, wala hayarudishwi kwenu."

Baba aliniangalia kama niliyekosea kutafsiri. Nikarudia. Akauliza, "Kitu changu nisichoweza kukigusa, ni changu kwa namna gani?"

Nikauliza mimi: mshirika akituuzia nusu yake je? Wakili akasema hilo huenda likasaidia mizigo ijayo, lakini mapipa yaliyokwisha kushikwa yatabaki yameshikwa mpaka serikali yao itoe kibali. Tukaomba kibali. Jibu likaja kwamba ombi limepokelewa. Tukangoja msimu mmoja, na mwingine. Mshirika mwenyewe hakupokea tena simu zetu. Sijui kama alikuwa mwovu. Nilimjua mezani tu.

Kaka yangu alikuwa na shauri lake: tukeneke mafuta mapya, tuyapeleke kwa jina la jirani. Tulirudi kwa wakili kumwuliza. Akatikisa kichwa. "Huko ni kukwepa vikwazo. Mtamwingiza jirani yenu shimoni pamoja nanyi."

Baba akamwambia kaka, "Umesikia? Tusimpake mtu mwingine tope letu."

Hawakuzungumza vizuri tena wawili hao tangu siku ile. Wanunuzi wengine, hata wale ambao sheria hiyo haikuwahusu, walituogopa. Benki ya hapa hapa nchini nayo ikatufungia milango. Wanawake wa kuchuma wakaja alfajiri moja, wakamkuta Baba amekaa kizingitini. Akawaambia waende nyumbani, hakuna kazi. Maua yakaoza mitini. Harufu ile, ikishaoza, inatia kichefuchefu.

Baba alifariki kabla ya jibu la kibali. Katika siku zake za mwisho aliniuliza kama wanayaweka mahali penye baridi, maana joto huharibu mafuta. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nikijua.

Sasa naishi Belobaka, nje ya Mahajanga, nashona nguo. Mwaka jana nilikutana na wakili sokoni, amezeeka, anatembea kwa fimbo. Akaniambia kuna familia moja huko Boanamary, wauza kaa wa baharini, ambao mshirika wao naye amewekewa vikwazo. "Waje wakuone, bibi? Wewe umeyapitia."

Walikuja mume na mke, na maswali yao yalikuwa yale yale yetu. Nikawaeleza kinachokatazwa, nikawaeleza wasijifiche nyuma ya jina la mtu. Mke akauliza, "Na nyinyi, mlifanyaje hadi mkayapata mafuta yenu?"

Nikamwambia hatukuyapata mpaka leo. Akaanza kunishukuru kwa adabu, huku mumewe ameshasimama anatafuta viatu vyake.