Umri wa Kusema Kliniki

Mtaani walimwita Dada Pasi, maana tangu ana miaka kumi na saba alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, hadi mkono wake wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto. Mdomo nao, usiseme! Ukimletea shati lenye doa la wino, atakuuliza ulikuwa unaandika au unapigana na kalamu. Ila mbele ya mdogo wake, Mziwanda, ukali wote ulimwisha. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na Dada Pasi ndiye aliyemlea.

Mziwanda alivunja ungo ana miaka tisa. Tisa, jamani! Dada Pasi aliikuta nguo yenye damu kwenye beseni. Hakuwaza afya, aliwaza midomo ya watu. Watasema mtoto ameshaguswa. Watasema dada mtu hana habari naye. Akaifua mwenyewe, kisha akamkalisha chini.

"Mpaka ufike kumi na tatu, wewe hujaanza. Na ukishakua, yeyote akikuuliza, hata daktari, ulianza kumi na tatu. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Siku zenyewe zikawa za kubahatisha: mwezi huu zije, miezi minne zisionekane. "Nyamaza, zitarudi," dada akasema. Mziwanda akanyamaza.

Alikua, akawa karani wa shule. Akiwa na miaka ishirini na mbili alikwenda hospitali kuuliza kwa nini hashiki mimba, na Dada Pasi akaomba ruhusa kazini amsindikize. Sukari ilipoingia, akamsindikiza. Presha ikafuata, akamsindikiza. Alibeba faili, chupa ya maji na kanga ya kujifunika, akaketi kiti cha pembeni, bega kwa bega. Ulianza lini? Kumi na tatu. Zinakuja vizuri? Vizuri.

Mziwanda alipofika arobaini na moja, miguu imevimba na hawezi kulala bila mito mitatu, daktari wa moyo aliuliza yale yale. Lakini huyu aliweka kalamu chini.

"Nauliza kwa sababu. Walioanza mapema sana, au ambao siku zao zinarukaruka, tunawachunga. Si wote wanaougua, ila tunawapima sukari na presha mapema, kabla hawajaumwa."

Dada Pasi akanyanyuka kitini. "Tisa!" akasema. "Alianza na tisa, na hazijawahi kukaa sawa. Mimi ndiye niliyemfundisha uongo. Sasa itasaidia, daktari?"

"Nimeandika, mama. Lakini moyo umeshachoka sana. Tutampa dawa apumue vizuri."

Walipotoka, uchungu wa Dada Pasi ukageuka hasira, kama kawaida yake. "Na wewe! Mtu mzima, una akili zako timamu, kwa nini hukusema?"

Mziwanda aliegemea ukuta, akavuta pumzi. "Nilijua, dada. Nesi mmoja alitufundisha pale shuleni ninapofanya kazi, miaka kumi na mitatu iliyopita."

"Sasa?"

"Ulikuwa umekaa pale. Kila mara ulikuwa umekaa pale. Ningekuumbuaje mbele ya watu, wewe uliyenilea? Na ningekuambiaje usije?"

Dada Pasi, mwenye jibu kwa kila mteja, alilia pale pale, watu wakipita na mafaili yao.

Kliniki iliyofuata alimfikisha mlangoni, akampa faili, akabaki nje kwenye benchi. Mlango ukafungwa. Alisikia sauti ya mdogo wake ikisema, ikipumzika, ikiendelea tena, na asishike hata neno moja. Wagonjwa wa nyuma walianza kunung'unika kwamba anachelewesha foleni. "Mwacheni aseme," Dada Pasi akawaambia.

Wiki ya tatu baada ya hapo, walimzika Mziwanda.