Niliandika nywele za Mama kwenye riwaya, mdogo wangu akazitambua

Wakuu, salamu kutoka Iguhu, Kakamega. Ninayoyaeleza yamenitokea wiki hii na sijaongeza chumvi. Chumvi naiwekanga kwenye riwaya tu.

Mimi ndiye first born, tuko watatu. Baba alitangulia, Mama akafuata miaka sita iliyopita, nikaacha shule kidato cha pili ili wadogo wasome. Asubuhi nachuma majani chai, mchana naandika riwaya kwenye daftari. Imali, kitinda mimba wetu, ndiye hunichapia kwa simu.

Wasomaji wangu wa mtandaoni wamekuwa wakilalamika: hadithi tamu, lakini hailizi.

Basi nikaazima vitabu vitatu vya huzuni kwa mwalimu wangu wa zamani, nione wenzangu wanafanyaje. Kimoja ni cha baba ambaye kila Jumapili anapaka rangi viatu vya mtoto wake aliyekufa. Nilikisoma tukingoja kupimiwa majani, machozi yakanitoka mbele ya watu.

"Wewe, nani amekufa?" akauliza mama mmoja nyuma yangu.

"Mtoto wa kitabuni."

"Huyo watamzika wa kitabuni. Sogeza kikapu, laini inaenda!"

Nilicheka, ila niligundua kitu. Mwandishi hakusema hata mara moja kwamba yule baba ana huzuni. Alitaja viatu tu.

Nikajiuliza, viatu vyangu mimi ni nini? Nilijua jibu, na lilinitia hofu.

Mama alizidiwa ghafla Imali akiwa katikati ya kumsuka. Alifika hospitali upande mmoja umesukwa, mwingine timutimu. Siku moja akaniambia, "Mlete Imali amalize upande huu."

Imali alikuwa kwenye mtihani wa darasa la nane. Zilibaki siku mbili, nikaona nimwache amalize kwanza. Mama hakuzifikisha. Tulimzika na kitambaa kichwani.

Kwetu, baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Watu hukaa, na aliyemuuguza marehemu huulizwa aliacha neno gani. Nilisimama mbele ya wazee, Imali amekaa karibu na miguu yangu, ametoka kunyolewa. Nikasema, "Alilala tu. Hakusema kitu."

Neno la siku hiyo halibadilishwi tena, wakuu. Nimekaa nalo miaka sita.

Sasa nikaliandika. Nilibadilisha majina, nikaihamisha familia hadi Musanda, kwenye mashamba ya miwa, nikampa Imali daftari kama kawaida. Nilidhani nimejificha vizuri. Lakini nywele nilikuwa nimeziacha vilevile.

Siku ya kwanza hakuchapa kitu. Ya pili alikula obusuma, ugali wetu, akiangalia ukuta. Shisia, ndugu yetu wa katikati, akauliza, "Nyinyi mmekosana nini?" Kila nikisikia mlango, nawaza: anafunga nguo, anaenda kwa shangazi, na safari hii nitamwambia nini?

Jana alasiri akanifuata shambani nikipalilia maharagwe, daftari mkononi.

"Dada, umekosea."

"Najua, Imali. Nilitaka tu..."

"Umeandika upande wa kushoto ndio haukusukwa. Ulikuwa wa kulia."

Nikaliweka jembe chini. Nikamweleza yote, nimesimama palepale.

"Ule mtihani ningeuacha," akasema.

"Najua."

"Hukujua. Hukuniuliza."

Akaketi chini kwenye udongo, akalia, na mimi nikaketi kando yake. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa sweta, akanirudishia daftari.

"Huyo mtoto wa kitabuni mlete hospitali. Mwache amalize."

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani watu wanasoma hadithi za huzuni ili walie. Sasa naona wanamngoja mtu wa kitabuni afike mapema, yule ambaye maishani mwao alichelewa. Na ukitaka kumficha mtu kitu, usimpe akuchapie.

Tangu jana nimefungua ukurasa ule mara tatu. Mtoto yuko mlangoni mwa wodi na kitana chake. Nikimwingiza, naogopa nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Nikimwacha hapo, nitakuwa nimemfungia nje tena.

Mnaosoma na mnaoandika, niambieni bila kunionea haya: nimwingize?

Imali ameketi mbele yangu na simu, anangoja kuchapa.