Golikipa Ambaye Baba Hakuweza Kumgusa

Sauti iliyonitisha kwanza ilikuwa ndogo. Ilifanana na mlio wa muhogo mkavu unapovunjwa kwa mikono kabla ya kutwangwa, na kwa kuwa Mama alivunja muhogo karibu kila asubuhi, kwa muda mfupi nilidhani kuna mtu mahali fulani anaandaa unga. Kisha nikamwona Wambura, golikipa wetu, amekaa chini ya nguzo ya goli, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alikuwa amerukia mpira akaukosa, akaipiga nguzo. Nguzo zile zilikuwa za mkaratusi, nzito na mbichi, bado zinatoa harufu ya dawa ya kifua. Sisi watoto tulizoea kukaa nyuma ya goli, mahali ambapo kwingine pangekuwa na wavu, ndiyo maana tuliusikia mfupa kabla ya wachezaji. Mchezo uliendelea kidogo bila golikipa, vumbi likipanda na ng'ombe wakilia ng'ambo ya uwanja, hadi refa alipogundua kwamba upande mmoja watu wameacha kukimbia.

Kijiji chetu, upande wa Nyamongo, kilikuwa kipya. Miaka ile watu walitolewa kwenye miji yao iliyotawanyika vilimani wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na waliokuwa majirani wa mbali wakajikuta wanasikilizana wakikohoa. Tulikuwa na shamba la ujamaa, duka la ushirika ambalo rafu zake mara nyingi zilikuwa tupu, shule, na timu ya mpira. Timu ndiyo ilikuwa kazi pekee ambayo watu waliifuata bila kuitwa kwa kengele. Baba hakuwa mchezaji wa kujivunia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini kwa kuwa ndiye aliyekuwa na filimbi, akawa mwalimu wa timu pia. Ofisi za wilaya, kule Bomani, zilikuwa zimekipa kila kijiji kilichoingia mashindanoni mpira mmoja wa ngozi, kwa sharti kwamba kijiji kitakachoshika mkia kiurudishe, wapewe wengine. Sisi tulikuwa karibu kabisa na mkia. Ulibaki mchezo mmoja, dhidi ya vijana wa Kerende, na sare ingetosha kutuachia mpira wetu. Ninaandika jambo hili kwa utulivu sasa, lakini wakati ule sikuwa nimewahi kugusa kitu kilichoshonwa vizuri kuliko mpira ule.

Waliobaki wa kuweza kukaa golini walikuwa wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama hapo katika mchezo wa kweli. Wa kwanza alikuwa kaka yangu Marwa. Alijifunza kudaka kwa sababu mazoezini ndiye aliyetumwa kuokota mipira iliyopotelea kwenye mkonge, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya mtu yeyote pale kijijini. Lakini Marwa alikuwa bado hajatahiriwa. Msomaji wa mbali anaweza kujiuliza tohara inaingiaje golini. Inaingia hivi: nusu ya kazi ya golikipa ni kuamuru, huyu arudi, yule ambane mtu wake, na mabeki wetu walikuwa wanaume wenye wake na watoto. Kwa Wakurya wa siku zile, mwanamume aliyepita kwenye kisu hakupokea amri ya mtoto hadharani, hata mtoto huyo angekuwa na macho ya tai.

Wa pili alikuwa Nyamhanga. Alikuwa mrefu, ametahiriwa, na sauti yake ilifika ng'ambo ya mto. Akisema rudi, mabeki walirudi kabla ya kufikiri. Kudaka ndiko kulikomshinda. Viwiko vyake vilitanuka, na mpira ukapita katikati ya mikono yake ukampiga kifuani na kudunda kuwaendea maadui. Kosa hilo Baba alijua kulitibu. Alikuwa na njia moja tu, ileile aliyowafundishia watoto kushika kalamu: husimama nyuma yako, huvishika viwiko vyako, huvisogeza mpaka mwili wenyewe ukubali. Ila wiki ileile aliyovunjika Wambura, ng'ombe wa mahari ya dada yangu Bhoke waliingia zizini kwetu, na walitoka kwa akina Nyamhanga. Tangu asubuhi ile Nyamhanga akawa mkwe wa Baba. Mkwe na baba mkwe hawapeani mikono, hawali chombo kimoja, hawasogeleani kiasi cha kugusana, na wala hiyo si chuki. Ni heshima, na uzito wake haufanani na heshima nyingine yoyote niliyokuja kuifahamu. Wazee wa ukoo walikuwa wameichagua siku waliyoiona nzuri. Hakuna aliyeifikiria ratiba ya mpira, na Baba, ambaye alifikiria kila kitu, hilo lilimpita.

Basi akaanza kuwaza. Jioni alichora uwanja uani kwa kijiti, akamweka Marwa golini, akaufuta kwa kiatu, akauchora tena, akamweka Nyamhanga. Mama aliufagia uwanja huo kila kulipokucha. Ninaukumbuka uso wa Baba wakati ule, mchovu na wa kijivu kama wa mtu aliyetembea safari ndefu, ingawa hakuwa ametoka uani. Sasa ninaelewa kilichomchosha. Angemchagua Marwa, angesemwa kwamba anambeba mwanawe; angemchagua Nyamhanga, angesemwa kwamba amekula ng'ombe na sasa analipa fadhila. Zaidi ya hayo, kila mmoja alikuwa na nusu ya golikipa, na nusu hizo hazikuunganika.

Jumamosi, baada ya kazi ya shamba la ujamaa, watu walikaa juu ya mipini ya majembe yao na mwenyekiti wa kijiji akamtaka Baba aseme. Kabla hajafungua mdomo, beki wetu mmoja aitwaye Chacha, ambaye mzaha kwake ulikuwa kama kupumua, alisimama akajipangusa udongo magotini.

"Mwalimu, golini unatuletea mwanao au mkweo. Kwako hakuna mwingine? Mama Bhoke hadaki?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Baba mwenyewe akacheka. Kisha akamuuliza Chacha, kwa upole wa darasani, kama atamsikiliza Marwa.

"Marwa nampenda," Chacha akasema. "Lakini mtoto akiniambia rudi nyuma, mbele ya watu wa Kerende, nitarudi nyumbani moja kwa moja."

Mara hii hawakucheka wote. Marwa alikuwa amekaa kati ya wavulana wenzake, anang'oa nyasi. Baba aliutazama ule mkono uliokuwa unang'oa nyasi, kisha akasema golini atakaa Nyamhanga, na kwamba Marwa ndiye atakayemrushia mipira mazoezini kwa sababu hakuna anayerusha vizuri kuliko yeye. Mzee mmoja akauliza mkwe atafundishwaje bila kuguswa.

Jibu lilikuwa mimi. Kesho yake jioni aliniita katikati ya uwanja. "Gati, simama kama golikipa." Akasimama nyuma yangu, akavishika viwiko vyangu, akavisogeza, akavitanua vidole vyangu kimoja kimoja. Mikono yake ilinuka chaki. "Umeshika? Sasa mpelekee." Nilivuka uwanja mikono ikiwa imeganda vilevile, kama mtu aliyebeba chungu kisichoonekana, naogopa kukiangusha. Mimi nilikuwa shemeji, mdogo wa mchumba. Kwangu hakukuwa na mwiko, kulikuwa na utani tu. Nyamhanga, mwanamume mrefu kuliko wote pale, alipiga magoti golini ili nimfikie.

"Haya, shemeji, nifundishe. Lakini fimbo uiache shuleni."

Nikavishika viwiko vyake, nikavisogeza kwa nguvu zangu zote. "Baba anasema viwiko viwe karibu." Marwa akarusha mpira, kwa hasira mwanzoni, ukapita. Nikarudi kwa Baba, nikashikwa upya, nikaenda tena. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila jioni hadi siku ya mchezo: Baba upande ule, mkwe upande huu, na mimi katikati nikiibeba mikono ya mmoja kuipeleka kwa mwingine. Taratibu mipira ikaanza kunata. Hata hasira ya Marwa ilipungua. Nilimsikia siku moja akimwambia Nyamhanga, "Hiyo hata mimi ningeiacha," na toka kinywani mwa Marwa hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Siku ya mchezo Nyamhanga aliamuru na wakatii, alidaka na mpira ukabaki. Kerende walikuja wimbi juu ya wimbi, na kila mara mpira uliishia kifuani pake, viwiko vimeufunga. Baba alikuwa amesimama mbali, upande wa pili, kama ilivyompasa. Lakini mchezo ulipokaribia mwisho, bado hakuna goli, miguu yake ilianza kutembea bila yeye. Nilikuwa nyuma ya goli, na kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vyake vya matairi, vyenye vumbi, vikisimama karibu yangu. Nilidhani Baba anajua anachofanya, kwa kuwa sikuwahi kumwona asipojua. Winga wao akaupiga mpira wa juu. Nyamhanga akarudi kinyumenyume, mikono juu, viwiko karibu, kila kitu mahali pake. Akageuza shingo kuitafuta nguzo, kwa kuwa hakuna aliyeusahau mkono wa Wambura, na hapo akamwona Baba, umbali wa mkono mmoja. Kama angeruka, angemwangukia.

Akaiacha miguu yake chini. Mpira ukapita juu ya vidole vyake.

Hakuna aliyepiga kelele. Hata yule winga hakushangilia ipasavyo. Alitazama, akaelewa, akarudi kwao akitembea. Chacha aliuokota mpira, akaupangusa kwa shati. Mzee mmoja nyuma yetu alisema polepole, "Huyo ni mkwe." Kijijini hakuna aliyemlaumu Nyamhanga, siku ile wala baadaye. Baba aliupeleka mpira Bomani mwenyewe, ndani ya kikapu cha mkonge, na wavulana wakarudi kwenye mpira wa matambara.

Marwa hayupo tena. Alifariki tungali tunamhitaji. Mimi nimechelewa kurudi darasani, ninaandika tasnifu katika umri ambao wenzangu wanastaafu, na Baba anaishi nami mjini. Mwaka huu nimeusikia tena ule mlio wa muhogo mkavu, safari hii bafuni kwangu. Nyonga ya Baba. Hospitali wamefanya yao. Kilichobaki ni mtu mwenye nguvu wa kumgeuza, kumwinua na kumwogesha, na Baba anataka hayo yafanyike nyumbani, Mara. Bhoke mgongo wake umekwisha. Mwenye mikono ni mumewe, Nyamhanga yuleyule, aliyestaafu ulinzi wa hifadhi na kujenga karibu na Ikoma, na ambaye miaka yote hii amemsalimia Baba kutoka ng'ambo ya ua. Zamani uamuzi kama huu ungefanywa juu ya mipini ya majembe, kwa kicheko, na lawama ingegawanywa kama chakula. Mimi niliufanya peke yangu, au sikuufanya: nilipima, nikapanga hoja, nikazipangua. Hadi alasiri moja Baba aliponitazama kutoka kitandani.

"Unachora uwanja, Gati. Mpigie."

Nikamkumbusha kwamba ni mkwe wake.

"Namjua ni nani. Siku ile nilisimama pabaya. Mwache asogee."

Nikapiga. Nikamwamkia shikamoo shemeji, nikamweleza yote bila kupamba, na upande wa pili nikasikia kiti kikiburutwa. Baba akainua viwiko vyake vyembamba juu ya shuka, akavikutanisha, akaninyooshea kidole. Nikaelewa kazi yangu.

"Baba anasema viwiko viwe karibu," nikasema.

Nyamhanga akavuta pumzi. "Mwambie Mzee nakuja," akasema. "Mwambie hii naidaka."