Kiyoyozi Kilichonuka Jikoni

Mke wangu ana pumu. Si ile ya kikohozi cha asubuhi. Ni ile inayomkaba mtu mzima mpaka macho yanamtoka. Kwa hiyo siku za kliniki, tukitoka kwetu Kawe, vioo vya gari havifunguliwi. Barabara inachimbwa, vumbi limesimama kama ukuta, malori yanakutemea moshi mweusi usoni. Ukifungua vioo unamnyonga, ukifunga bila kiyoyozi unamwoka. Mie niliishia darasa la nne, na gari hilo nililinunua kwa mikono iliyoziba pancha za baiskeli miaka kumi na nane. AC kwangu haikuwa mapambo.

Basi ikaanza kupuliza joto.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kinondoni. Shikamoo yake ilikuwa na adabu zote. Shingoni alining'iniza geji mbili za kupimia gesi na mipira yake, nyekundu na bluu, kama daktari wa wodini. Nikasema moyoni huyu msomi. Akagusa bomba kwa vidole viwili, akasema gesi imeisha, akaniomba nikanywe chai nimwachie kazi. Niliporudi, gari lilikuwa la baridi kama friji la samaki.

Wiki haikuisha, joto. Nikarudi, akajaza. Joto tena, akajaza tena.

Hapa ndipo ninapojichukia. Katika miaka yangu yote ya baiskeli sijawahi kumpulizia mtu upepo nikamwacha aende zake. Unajaza mpira, unauzamisha kwenye beseni, unatafuta povu linatokea wapi. Fundi asiyejua hilo hata mkokoteni wa punda humpi aushike. Mie nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu tu mwenzangu alikuwa na geji shingoni na mie nina darasa la nne.

Safari iliyofuata, tuko kwenye foleni, mke wangu akajiziba pua kwa mtandio.

"Baba, gari linanuka jikoni."

Nikamwambia pua yake imezoea masufuria. Akasema amepika miaka arobaini, anaijua gesi ikivuja. Nikamjibu kwa kiburi kwamba gari halina jiko. Akatoa dawa yake ya kuvuta, akaivuta mara mbili kabla hatujafika. Hospitali hawakumruhusu kurudi nyumbani. Walimlaza siku mbili na barakoa ya oksijeni usoni, na daktari akawa ananiuliza mie nyumbani tunapikia nini.

Nikaenda Kinondoni bila kupiga simu, na safari hii sikunywa chai ya mtu. Nikapita moja kwa moja nyuma ya turubai la karakana yake. Mtungi mdogo wa kupikia, ule ule wanaochemshia maharage, ulikuwa umefungwa mpira unaoingia kwenye boneti ya gari la mama mmoja. Ubavuni mwa mtungi maharage yamemwagika yakakaukia, na nzi wametua juu yake. Hicho ndicho nilichokuwa nampulizia mke wangu.

Fundi hakushtuka wala hakuficha kitu.

"Gesi ni gesi, mzee wangu. Baridi si ulikuwa unaipata?"

"Mke wangu ana pumu."

"Sasa hiyo ya pumu hukuniambia."

Kana kwamba asiye na pumu anastahili kuvutishwa mtungi. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mafundi wengi wanafanya hivyo na mimi ndiye mteja wa kwanza kulalamika. Mate yalinijaa mdomoni nikayatema chini. Nikamfuata yule mama mwenye gari, nikamwambia kinachoingia kwenye boneti yake. Fundi akalalamika kwamba namharibia riziki. Riziki! Neno safi kama hilo, kwenye mdomo kama ule.

Gari nikampelekea fundi mwingine, mtu mzima mwenzangu, kule Mbezi Beach. Alinusa tu, akaniuliza kama navuta sigara. Nikasema niliacha. "Shukuru," akasema, akafungua milango yote na kuchomoa waya wa betri kabla hajashika spana. Akaitoa nje ile gesi yote ya kupikia, akabomoa dashibodi, akachomoa kile kirejeta kidogo kinachopoza hewa. Akakitia upepo, akakizamisha kwenye beseni la maji. Povu likapanda. Kilikuwa kinavuja ndani kwa ndani, usawa wa magoti ya mke wangu, na kila nilipolipia kujazwa nilikuwa namjazia yeye kifua.

Akaweka kipya, na gesi inayostahili.

Siku ya kliniki nikaliwasha gari uani, nikamfungulia mlango. Hakupanda.

"Anza kukaa wewe," akasema. "Funga vioo vyote. Robo saa."

Nikakaa mle kwenye baridi, nikivuta pumzi ndefu ndefu, naye amesimama juani, kanga kichwani, ananitazama kupitia kioo kama anavyotazama chungu anachokishuku. Robo saa ilipotimia akafungua mlango. Hakuniuliza linanukaje. Aliingiza kichwa akanusa mwenyewe, polepole, mbele, halafu chini. Akafunga mlango ule, akafungua wa nyuma, akapanda.

Mpaka leo anakaa siti ya nyuma, na mie sijamwomba ahamie mbele.